Mwaka wa 1863: namna mupira wa miguu ulipata sheria zake

Siku ya Posho mangaribi, ukipita karibu na uwanja wowote wa Goma, Bukavu, Bunia, Uvira ao Kindu, utakuta vijana wako wanacheza mupira. Hata pasipo na uwanja wa kweli, mawe mbili zinatosha kufanya goli. Hakuna mutu anayesimama mbele ya mechi kwa kueleza sheria. Kila mumoja anajua kama hapana kushika mupira kwa mukono, hapana kumupiga mwenzako teke kwa kusudi, na kama mupira ukitoka inje, unarudishwa ndani namna inavyojulikana.

Miaka zaidi ya 160 iliyopita haikuwa vile. Huko Uingereza, inchi ambako mupira tunaocheza leo ulitokea, kila shule na kila klabu ilikuwa na sheria zake. Kwa wamoja, kushika mupira na kukimbia nao ilikuwa njo muchezo wenyewe. Kwa wengine, ile ilikuwa kosa. Kwa wamoja, kumupiga adui teke kwenye muundi ilikuwa alama ya ushujaa. Kwa wengine, ilikuwa ukatili wa bure. Mwaka wa 1863 watu kidogo walikaa kwenye meza moja juu ya kumaliza mubishano huo. Makala hii inaeleza mambo yaliyofanyika mwaka ule mu mupira na mu michezo mingine, na juu ya nini inatuhusu mupaka leo.

Dunia ilikuwa namna gani mwaka huo

Mwaka wa 1863 Marekani ilikuwa ndani ya vita kati ya majimbo ya kaskazini na ya kusini. Tarehe 1 Mwezi wa 1, Prezidenti Abraham Lincoln alitangaza uhuru wa watumwa katika majimbo yaliyoasi. Mwanzoni mwa Mwezi wa 7, maelfu ya waaskari walikufa kwenye pigano la Gettysburg. Kwetu, inchi yenye jina la Kongo na mipaka tunayojua leo haikukuwa bado. Mipaka ile ilianza kuchorwa na Wazungu kuanzia mwaka wa 1885.

Uingereza ilikuwa inchi ya viwanda na treni. Mambo tatu yalisaidia michezo kukomaa huko. La kwanza, sheria ya mwaka wa 1850 iliamuru kazi ya wanamuke na vijana mu viwanda vya nguo isimame saa nane ya muchana siku ya Posho, na pole pole wafanyakazi wengine walipata vilevile nusu siku ya kupumuzika. La pili, treni iliwezesha timu ya muji moja kwenda kucheza mu muji mwingine na kurudi siku ile ile. La tatu, magazeti yalipeleka habari za mashindano mbali sana.

Lakini pale watu wa mahali mbalimbali wanaanza kukutana, swali linatokea mara moja: tutacheza kwa sheria ya nani?

Kila shule na mupira wake

Mu shule kubwa za watoto wa watajiri, mupira ulichezwa kila mahali kwa namna yake. Shule ya Rugby iliandika sheria zake mwaka wa 1845. Kule, muchezaji aliruhusiwa kushika mupira na kukimbia nao. Shule ya Eton iliandika zake mwaka wa 1847, na kule mupira ulikuwa zaidi wa miguu. Wakati vijana hao walifika ku iniversite ya Cambridge, walishindwa kucheza pamoja. Kwa hiyo mwaka wa 1848 wanafunzi fulani wa Cambridge walijaribu kupatanisha sheria hizo ili kila mumoja aweze kuingia uwanjani.

Kaskazini, mu muji wa viwanda wa Sheffield, klabu ya mupira ilianzishwa tarehe 24 Mwezi wa 10, 1857. Mupaka leo Sheffield FC inatambuliwa kuwa klabu ya mupira wa miguu yenye umri mukubwa kuliko zote duniani. Klabu hiyo iliandika sheria zake mwaka wa 1858, na tarehe 26 Mwezi wa 12, 1860, ilicheza na jirani yake, Hallam.

Kwa hiyo mbele ya mwaka wa 1863 sheria zilikuwa tayari mingi. Kilichokosekana ni mapatano. Klabu mbili zikitaka kucheza, ilibidi kwanza waongee kwa barua: tutashika mupira ao hapana? Tutakuwa watu ngapi? Mara zingine walicheza nusu ya kwanza kwa sheria za timu moja, na nusu ya pili kwa sheria za ile ingine.

Mikutano sita mu nyumba ya Freemasons

Ebenezer Cobb Morley alikuwa avoka kijana, muzaliwa wa muji wa Hull, aliyehamia Barnes, karibu na London. Hakusoma ku ile shule kubwa za watajiri. Alipenda kupiga makasia na kucheza mupira, na alikuwa kiongozi wa klabu ya Barnes. Aliona kama muchezo wa kriketi ulikuwa na chombo kimoja kinachosimamia sheria, lakini mupira haukukuwa nacho. Aliandikia gazeti la michezo Bell's Life kwa kutoa wazo hilo.

Siku ya kwanza ya juma, tarehe 26 Mwezi wa 10, 1863, wajumbe wa klabu na shule za London na pembeni yake walikutana mu nyumba ya vinywaji yenye jina Freemasons' Tavern, kwenye barabara ya Great Queen Street. Kulikuwa Barnes, Blackheath, Crystal Palace, Forest, Crusaders, No Names wa Kilburn, wafanyakazi wa ofisi ya vita, na wengine. Kapiteni wa shule ya Charterhouse alikuja pia, lakini alikataa kuingiza shule yake siku hiyo mbele ya kujua kama shule zingine kubwa zitakubali.

Siku ile ile walianzisha chama chenye jina Football Association, kwa kifupi FA. Arthur Pember wa No Names aliwekwa kuwa prezidenti, Morley sekretere, na Francis Maule Campbell wa Blackheath mutunza-feza. Kila klabu ilipaswa kutoa mchango wa kila mwaka. Hakukuwa amri ya mufalme wala ya serikali. Walikuwa watu wa kawaida waliopenda muchezo, wakakaa, wakaanza kuandika.

Walifikiri kazi itakuwa mwepesi. Ilichukua mikutano sita, kuanzia Mwezi wa 10 mupaka Mwezi wa 12.

Mubishano juu ya miundi

Sheria za kwanza ambazo Morley aliandika zilijaribu kufurahisha kila mutu. Sheria ya 9 iliruhusu muchezaji kukimbia na mupira mukononi kama aliudaka vizuri. Sheria ya 10 ilisema kama ule anayekimbia na mupira, wapinzani wanaweza kumusukuma, kumushika, kumutega muguu, ao kumupiga teke kwenye muundi.

Hiyo ya mwisho njo ilileta shida. Mutu asifikiri kama mateke hayo yalikuwa ya bahati mbaya. Yalikuwa sehemu ya muchezo, na wachezaji wengine walivaa viatu vigumu juu ya kazi hiyo.

Mwezi wa 11, sheria mupya za Cambridge zilitokea mu magazeti. Zenyewe zilikataza kukimbia na mupira na kupiga teke la muundi. Morley na Pember waliona kama sheria hizo zilikuwa nzuri kuliko zile walizoandika. Kisha barua ikafika kutoka Sheffield: klabu hiyo iliomba kuingia mu chama, lakini ikasema sheria zile mbili zinafanana na mieleka kuliko mupira.

Kwenye mukutano wa tarehe 1 Mwezi wa 12, mubishano uliwaka. Campbell alitetea mateke. Kwa maoni yake, mukiyaondoa, mutaondoa ushujaa wote wa muchezo, na akasema kwa zarau kama ataleta Wafaransa watakaowashinda kisha mazoezi ya juma moja tu. Morley alijibu kwa njia ya mutu anayefikiria maisha ya kila siku: wakiruhusu mateke, mutu mwenye kazi na familia hatacheza tena. Mupira utabakia wa wanafunzi, kwa sababu mutu aliyevunjwa muguu siku ya Posho hawezi kwenda kazini siku ya kwanza.

Kura ilipigwa. Sheria zile mbili ziliondolewa kwa kura 13 juu ya 4. Campbell alilalamika kama kura ilifanywa wakati watu wengi wa upande wake hawakukuwa. Tarehe 8 Mwezi wa 12, kwenye mukutano wa sita, alisimama na kusema klabu yake ya Blackheath inajiondoa mu chama. Hakukuwa vita wala matusi. Alibakia hata kidogo mu kazi yake ya mutunza-feza kwa kumaliza mambo. Lakini njia zilikuwa zimegawanyika. Upande moja ulizaa mupira wa miguu, ule mwingine ukaendelea mupaka kuzaa raga.

Sheria 13 zilisema nini

Sheria zilizokubaliwa mwaka ule zilikuwa 13 tu. Mutu wa leo akizisoma, atazitambua kidogo na kushangaa sana.

Uwanja haukupaswa kupita metre 183 kwa urefu na metre 91 kwa upana. Miti mbili ya goli iliachana metre 7,32. Kipimo hicho hakijabadilika mupaka leo: goli la stadi kubwa ya Kinshasa ao la kombe la dunia lina upana ule ule.

Hakukuwa muti wa juu wala kamba. Mupira ukipita katikati ya miti, hata juu sana namna gani, ilikuwa goli.

Kisha kila goli, timu zilibadilishana upande.

Muchezaji yeyote aliyekuwa mbele ya mupira wakati mwenzake anaupiga alikuwa ameotea. Njo kusema kupiga pasi ya mbele, ile tunayofurahia leo, haikuwezekana. Ilibidi kukimbia na mupira muguuni, wenzako wakikufwata nyuma.

Mupira ukitoka pembeni, muchezaji wa kwanza kuugusa njo alikuwa na haki ya kuurusha ndani. Kwa hiyo ilikuwa mbio, kila mutu anaufwata inje ya uwanja.

Mikono haikukatazwa kabisa. Muchezaji aliweza kudaka mupira hewani, na kama alitia alama chini kwa kisigino, alipata teke la bure. Lakini hakuweza kukimbia nao, kuurusha kwa mwenzake, wala kuuokota chini kwa mukono wakati muchezo uko unaendelea.

Kutega muguu, kupiga teke la muundi, kushika ao kusukuma mupinzani kwa mikono: vyote vilikatazwa.

Sheria ya mwisho, ya 13, ilikataza viatu vyenye misumari inayotokea, vipande vya chuma ao mupira mugumu chini ya kiatu.

Yale ambayo hayakuandikwa ni mengi vilevile. Hakukuwa neno lolote juu ya golikipa. Hakukuwa idadi ya wachezaji, wala muda wa mechi. Hakukuwa mwamuzi, wala penalti, wala kadi. Waliamini kama watu wenye heshima wakikosa, makapiteni mbili wataongea na kupatana. Miaka iliyofuata ilionyesha kama heshima peke yake haitoshi.

Mechi za kwanza

Siku ya Posho, tarehe 19 Mwezi wa 12, 1863, klabu ya Morley, Barnes, ilicheza na Richmond kwa kufwata sheria hizo mupya. Mechi ilifanyiwa Mortlake, karibu na muto Thames. Hakuna aliyefunga: 0 kwa 0. Kwa bahati ya ajabu, Richmond walichagua baadaye kuacha sheria hizo na wakawa klabu ya raga.

Tarehe 9 Mwezi wa 1, 1864, chama kilipanga mechi ya kuonyesha watu muchezo, ku Battersea Park, London. Timu ya prezidenti Pember ilishinda timu ya sekretere Morley magoli 2 kwa 0. Kisha mechi walikula pamoja, wakainua glasi kwa kutakia mupira usonge mbele bila kuangalia tabaka ya mutu wala dini yake.

Michezo mingine mwaka ule

Mupira haukukuwa bado muchezo mukubwa mwaka wa 1863. Watu wengi wakati ule walizungumuzia farasi, ngumi na mbio.

Farasi. Tarehe 31 Mwezi wa 5, ku uwanja wa Longchamp, Ufaransa ilifanya kwa mara ya kwanza mashindano ya Grand Prix de Paris, yenye zawadi ya franka 100 000. Wafaransa walitumaini kuonyesha nguvu ya farasi wao, lakini aliyeshinda alikuwa The Ranger, farasi wa Uingereza. Huko Marekani, mu Mwezi wa 8, mwezi moja tu kisha Gettysburg, mashindano ya farasi yalianza mu muji wa Saratoga. Aliyeyapanga ni John Morrissey, muzaliwa wa Ireland aliyekuwa zamani bingwa wa ngumi, na ambaye baadaye alichaguliwa kuwa mubunge. Vita haikuzuia watu kujaza uwanja.

Ngumi. Tarehe 10 Mwezi wa 12, siku mbili tu kisha mukutano wa mwisho wa FA, Mwingereza Tom King na Mumarekani John Heenan walipigana Wadhurst, kusini ya Uingereza. Walipigana mikono mitupu, bila glavu. Raundi haikuhesabiwa kwa dakika; iliisha wakati mutu anaanguka. Sheria ya inchi ilikataza mapigano kama hayo, kwa hiyo watazamaji walipanda treni mapema sana kwenda mahali palipofichwa. King alishinda kisha raundi zaidi ya 20, na hakupigana tena. Miaka ine baadaye, mwaka wa 1867, sheria zenye jina la Queensberry zilitangazwa: glavu, raundi za dakika tatu, dakika moja ya kupumuzika. Njo sheria zilizozaa ngumi ambazo Muhammad Ali na George Foreman walipigana Kinshasa tarehe 30 Mwezi wa 10, 1974.

Mbio. Mutu aliyeshangaza London mwaka ule alikuwa Louis Bennett, mwenyeji wa Marekani wa kabila la Waseneca, aliyejulikana kwa jina la Deerfoot. Mwezi wa 4 alikimbia zaidi ya kilometre 18 na nusu mu saa moja. Rekodi hiyo ilikaa miaka zaidi ya 30 bila kuvunjwa. Lakini wale waliomupanga walimutembeza mbele ya watu akiwa amevaa ngozi na manyoya, ili wauze tikiti. Watu walikuja kumutazama kama kitu cha ajabu, yeye akawaacha nyuma ku uwanja. Baadaye alirudi kwao na akaendelea kuishi kati ya watu wake.

Gofu. Ku Prestwick, Scotland, Willie Park alishinda mashindano ya Open kwa mipigo 168, mbele ya Tom Morris aliyepiga 170. Mwaka ule feza ilitolewa kwa mara ya kwanza: paundi 10 kwa jumla, ziligawanywa kwa wa pili, wa tatu na wa ine. Mushindi mwenyewe alipewa tu mukaba wa heshima wa kutunza mwaka moja!

Kriketi. Klabu ya jimbo la Yorkshire ilianzishwa tarehe 8 Mwezi wa 1. Muchezo huo pia ulikuwa na mubishano wake: je, murushaji anaruhusiwa kuinua mukono juu ya bega? Mwaka wa 1862 mwamuzi alimukatalia Edgar Willsher mara sita mufululizo juu ya kosa hilo. Mwaka wa 1864 sheria ikabadilishwa, na ile iliyokuwa kosa ikawa haki.

Makasia. Robert Chambers wa kaskazini ya Uingereza alimushinda Richard Green, aliyetoka mbali sana, Australia, kwa kushindana naye ku muto Thames.

Milima. Tarehe 19 Mwezi wa 4 Waswisi walianzisha chama chao cha kupanda milima ya Alps. Waitaliano walianzisha chao ku Turin tarehe 23 Mwezi wa 10, siku tatu mbele ya mukutano wa Freemasons.

Ukitazama mambo hayo yote pamoja, unaona jambo moja. Mahali pengi mwaka ule watu walikuwa wanauliza swali lile lile: kosa ni nini, na nani ana mamlaka ya kulisema?

Nani hakukaa kwenye meza

Ni muzuri kusema pia nani hakukuwa mu chumba kile cha Freemasons. Hakukuwa mufanyakazi wa kiwanda. Hakukuwa mwanamuke. Wale walioandika sheria walikuwa watu wenye elimu na feza, na kwa muda murefu walizani muchezo ni wao.

Pole pole wengine waliingia. Mwaka wa 1883 Blackburn Olympic, timu ya wafanyakazi wa kaskazini, ilishinda Old Etonians, timu ya watu waliosoma Eton, magoli 2 kwa 1 mu finali ya kombe la FA. Mwaka wa 1885 chama kilikubali wachezaji walipwe. Kwa wanamuke mulango ulifungwa kwa muda murefu zaidi. Mwaka wa 1921, wakati mechi za wanamuke zilikuwa zinavuta maelfu ya watu, FA ilikataza klabu zake kuwapatia viwanja. Katazo hilo lilikaa karibu miaka 50.

Sheria ziliendelea kukomaa

Sheria 13 hazikushinda siku moja. Miaka ya kwanza klabu kidogo tu zilizifwata, na Sheffield waliendelea na zao. Lakini kwa sababu ziliandikwa, ziliweza kusahihishwa. Mwaka wa 1866 sheria ya kuotea ililegezwa, pasi ya mbele ikawezekana. Mwaka wa 1871 golikipa alitajwa kwa mara ya kwanza, na kombe la FA likaanza. Mwaka wa 1882 muti wa juu wa goli ukawa wa lazima. Mwaka wa 1886 chama cha kusimamia sheria kwa inchi zote kilianzishwa. Penalti ilifika mwaka wa 1891. Kadi ya manjano na nyekundu zilitumiwa mara ya kwanza mu kombe la dunia la mwaka wa 1970.

Na wale wa mateke? Mwaka wa 1871 klabu za raga, pamoja na Blackheath, zilianzisha chama chao. Mu sheria zao za kwanza, nao walikataza kupiga teke la muundi. Jambo lililofanya wajiondoe, waliliacha wao wenyewe kisha miaka munane tu.

Mupira ulifika Kongo wakati wa ukoloni. Ku Kinshasa, padri Raphaël de la Kethulle, ambaye watu walimuita Tata Raphaël, alifanya kazi kubwa ya kujenga viwanja na kupanga vijana. Stadi moja ina jina lake mupaka leo. Mwaka wa 1939 wamisionere Wabenedikto walianzisha ku Lubumbashi timu inayoitwa leo TP Mazembe, ambayo mwaka wa 2010 ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kufika finali ya kombe la dunia la klabu.

Kuna pia kisa cha sheria ambacho wazee wengi wanakumbuka. Mwaka wa 1974 Zaire ilikuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini ya Sahara kucheza kombe la dunia. Kwenye mechi na Brazil, Mwepu Ilunga alitoka mbio mu ukuta na kuupiga mupira mbali mbele Wabrazil wapige teke lao la bure. Dunia ilicheka, ikasema Waafrika hawajui sheria. Baadaye Mwepu mwenyewe alieleza kama alizijua vizuri: alifanya vile kwa kuonyesha hasira, juu wachezaji walikuwa hawalipwi feza yao. Sheria aliivunja kwa kusudi, na alivunja kwa sababu aliona mapatano mengine yalikuwa yamevunjwa mbele yake.

Jambo la kukumbuka

Watu wa mwaka wa 1863 hawakuvumbua mupira. Watu walikuwa wanaucheza zamani. Walichofanya ni kukubali kupoteza kidogo ili waweze kucheza na wengine. Kila klabu iliyoingia iliacha sheria fulani iliyoipenda. Wale waliokataa waliondoka bila kupigana na wakaendelea na muchezo wao. Na swali lililoamua mambo lilikuwa la kawaida kabisa: je, mutu akicheza leo, ataweza kuamuka kesho na kwenda kazini?

Hapa kwetu, mechi ya mitaa mbili inaweza kuishia mu ugomvi juu ya goli moja, na mara ingine ugomvi huo unabeba mambo ambayo hayahusu mupira hata kidogo. Viongozi wa timu, makapiteni na wazazi wanaweza kukaa kwanza, kupatana juu ya sheria, kuchagua mwamuzi ambaye pande mbili zinamukubali, na kuandika yale waliyopatana. Haiombi feza mingi. Inaomba meza, kalamu, na watu walio tayari kusikilizana, hata kama itachukua mikutano sita.